Bolti Mbili, Alama Moja

Simu ilinikuta Kabati, nikiwa na sindano mdomoni. Alikuwa Mama Mutheu, mke wa Nzioka, na hakusalimia. "Kalondu, mzee ametuacha," akasema, halafu akaanza kunipa habari za mvua, kwamba mwaka huu mbaazi zimeshika vizuri, utadhani mimi ndiye niliyepiga kuuliza mavuno. Juma lililofuata nilienda Kambu kwa mazishi. Nilikaa hema la pili na akina mama wa kanisa. Msomaji wa historia ya marehemu aliposema kwamba Nzioka alibeba bunduki ya serikali miaka mingi, akiwa askari wa akiba, na hakuwahi kuiharibu hata msumari, niliinamisha uso nikajifanya natafuta leso. Ng'ambo ya kaburi, kwenye viti vya wazee, alikaa Mwanzia, aliyekuwa mwenzake wa bunduki, fimbo yake katikati ya magoti. Aliniangalia. Sikujua yale macho yalitaka nini, na hata sasa nikiandika sijui. Labda hakuwa ananiangalia mimi. Watu wanasema siku hizi haoni vizuri.

Nimekuwa nikiandika daftari tangu nilipoacha shule darasa la saba. La mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, limeliwa na mchwa kwenye pembe, na mwandiko wake unanitia haya. Nitaeleza nilichokiona, na pale daftari linapokataa kukubaliana na kichwa changu nitasema. Jinsi nilivyofika kwa Nzioka na ni nani alinipeleka, hayo nayaacha, hayasaidii hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, kazi yangu ilikuwa kutengeneza cherehani, na nilipangishwa chumba cha mwisho katika boma lake, nje kidogo ya Kambu, upande wa kuteremkia mtoni.

Chumba chenyewe kilikuwa na mlango wa bati, kitanda cha kamba, na meza niliyofanyia kazi. Nyuma ya meza yalipangwa magunia ya mbaazi, kwa hiyo usingizi wangu wa mwaka mzima ulinuka mbaazi na mafuta ya cherehani. Ukuta uliotenga chumba na jikoni haukufika juu. Mama Mutheu akipasua kuni nilisikia, akigombana na jiko nilisikia, na maneno ambayo mtu humwambia mume wake akidhani moshi peke yake ndio unaosikia, hayo pia niliyasikia. Ndivyo nilivyojua kwanza kwamba Nzioka anaogopa. Ilikuwa saa za chakula cha mchana. Alikuwa akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nasikia kijiko kikigonga bakuli la bati, kisha kijiko kikanyamaza. "Imekwama tena," akasema. "Nyati amesimama katikati ya nyanya zangu, hatua kama kutoka hapa hadi choo, navuta, haitaki. Inacheza kama jino la mzee, na ukiisukuma inakwaruza." Mama Mutheu akamwambia, "Irudishe kituoni." Nzioka akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nikiirudisha nitaulizwa nimeifanya nini. Watampa mtu mwingine. Na nyati nitawazuia na nini?"

Niseme hapa bunduki ile ilikuwa ya aina gani, kwa sababu vijana wa leo wanajua zile zinazopiga mfululizo. Hii ilikuwa ya zamani, ya mti na chuma, imebebwa na watu wengi waliokwishakufa. Inapiga risasi moja, halafu unavuta nyuma komeo la chuma, sisi tuliita bolti, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Bolti ikikataa, umeshika mwiko. Waliopewa bunduki hizi upande wetu walikuwa wawili, Nzioka na Mwanzia, watu wa ukoo mmoja, na mashamba yao ya nyanya na vitunguu yalikaribiana mtoni. Ng'ambo ya mto ni pori, na pori linaendelea hadi mbuga ya wanyama. Nyati walivuka alfajiri kama watu wanaokwenda sokoni. Mwaka ule walikuwa wamemuua mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji. Nilimwona akiletwa. Sitaandika nilivyomwona.

Kila Jumapili, baada ya kanisa, Mwanzia alikuja kula kwetu, na wakishakula wanaume wawili walisafisha bunduki pamoja uani. Mama Mutheu alichemsha maji kwenye sufuria kubwa. Waliyamimina ndani ya mitutu kama walivyofundishwa, ili chumvi ya baruti itoke, na bolti zote mbili walizitumbukiza kwenye beseni moja, lile lile la kufulia. Walizungumza habari za mchungaji na za mbuzi, wakasugua, wakapanguza kwa kitambaa, kila mmoja akachukua bolti yake akairudisha. Niliwatazama Jumapili nyingi nikiwa mlangoni na kikombe cha chai. Mtu anayetengeneza vyombo angepaswa kuona kitu pale. Sikuona.

Nzioka aliniletea bunduki siku ya Jumatatu, imeviringishwa kwa gunia, akafunga mlango nyuma yake. Mwanamume kuingia chumbani mwangu na kufunga mlango ilikuwa hatari ya kwanza. Alikaa kwenye gunia la mbaazi na hakuniangalia.

"Kalondu, wewe ulifufua cherehani ya mke wangu, ile iliyokuwa imekufa."

"Ile ilikuwa uchafu tu, Baba Mutheu."

"Na hii labda ni uchafu tu."

"Mimi sijui bunduki. Hata kuishika naogopa."

"Hata mimi naogopa," akasema, "na mimi ndiye naibeba."

Ningekataa. Nilijua kabisa kwamba raia akipatikana na bunduki ya serikali anafungwa, na aliyempa anafungwa pia, na hakuna atakayeuliza habari za nyati. Lakini lazima niseme ukweli kwamba hofu haikuwa peke yake mle chumbani. Kulikuwa na kiburi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniletea kitu kikubwa namna ile. Daftari langu la siku hiyo halitaji kufungwa jela. Linasema, "Leo nimepewa kazi ya maana."

Alinionyesha namna ya kuitoa bolti, akatoa risasi zote akaenda nazo mfukoni. Niliilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi nilikwangua girisi ya zamani iliyokuwa imekauka kama gundi, kwa kijiti, kwa sababu chuma kwa chuma huacha alama. Nilipoirudisha iliingia vyema zaidi lakini mwisho wake, pale unapolaza mpini chini ili ifunge, palikuwa pagumu, panauma. Na ukiivuta nyuma inatikisika kushoto na kulia. Baadaye sana, fundi mmoja mzee wa bunduki aliniambia kwamba zile za zamani zote hutikisika zikiwa wazi, ndivyo zilivyoumbwa ili mchanga usizikwamishe, na mtu mwenye akili huacha hapo. Mimi sikuacha. Nilikuwa na kopo la girisi ya kusagia valvu, ile yenye kitu kama mchanga mwororo ndani, nililopewa na makanika wa malori pale barabarani. Nilikuwa nimeitumia mara moja kwa cherehani, mahali bobini ya uzi inapozunguka, ikafaulu. Basi nikapaka. Kwenye bolti kuna meno mawili, kama masikio, na hayo ndiyo hushika mwili wa bunduki risasi inapolipuka ili bolti isirudi usoni kwa mtu. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa hiyo hapo ndipo nilipopaka zaidi. Nikasukuma, nikavuta, nikasukuma, nikavuta, siku mbili, mlango umefungwa, jasho linanitoka, nikifuta tope jeusi na kupaka tena.

Siku ya pili, saa nne hivi, nikasikia, "Hodi humu!" na kabla sijajibu bati likafunguka. Alikuwa Mama Kasyoka, mke wa naibu wa chifu, amebeba kichwa cha cherehani mgongoni kama mtoto. Nilichoweza ni kusukuma bunduki kitandani na kuitupia juu sare za kwaya nilizokuwa nashona. Aliweka cherehani mezani, akatafuta pa kukaa, akakaa kitandani. Kati ya makalio yake na mtutu ulibaki upana wa kiganja.

"Mbona unatetemeka? Una malaria?"

"Ni njaa tu, mama."

"Njaa, na hizi mbaazi zote nyuma yako? Asi! Wasichana wa siku hizi. Mnajinyima chakula mkidhani mwanamume wa Kikamba anataka kuoa ufito." Aliangalia kuku mlangoni, akaangalia kucha zangu nyeusi, halafu mkono wake ukashuka juu ya kitambaa. "Hizi ndizo za kwaya? Hebu nione hiyo rangi tuliyodanganywa nayo." Akaanza kuvuta pembe.

"Mama, zina pini! Zitakudunga!"

Aliachilia. "Kwani ungesema mapema," akasema, akijipangusa vidole ingawa hakuna kilichomdunga. Alikaa muda mrefu. Alinieleza ugomvi wa akina mama kuhusu viatu vya kwaya tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nilitikisa kichwa huku nikiona, pale kitambaa kilipoinuka, mpini wa bolti umechomoza kama kidole gumba. Alipoondoka niliegemeza gunia la mbaazi mlangoni nikarudi kwenye bolti. Kwa haki yake, sidhani alishuku chochote. Alikuwa mama mwema aliyependa mazungumzo.

Nzioka alipokuja kuichukua, aliisukuma bolti mara moja akaniangalia, akaisukuma tena. Ilikuwa inateleza kama bamia. Hakusema asante, watu wetu hawana neno hilo mdomoni kila saa, lakini jioni ile Mama Mutheu aliniwekea paja la kuku, na mimi nililila.

Siku mbili baadaye, jua likichomoza, tulisikia mlio kutoka mtoni. Nilikuwa jikoni napuliza moto. Mama Mutheu aliinua kichwa. "Huo mlio una pumzi," akasema. Sikuelewa mpaka Nzioka alipokuja akipanda njia, anatembea taratibu, mkono shavuni. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa mweusi kama sufuria, na jicho la upande huo jekundu, linatoka maji. Mkewe akapiga kelele akimwita mama yake, "Mwaitu!" naye akamwambia, "Baruti tu, baruti tu, nyamaza, watu watasikia." Akapita moja kwa moja hadi chumbani kwangu, akaniwekea mezani ganda la risasi. Karibu na kitako chake lilikuwa na ufa, umezunguka nusu duara, kama uzi uliokatika kwenye mshono. Moto wote uliopaswa kusukuma risasi mbele, sehemu yake ilikuwa imetorokea pale na kumrudia Nzioka usoni.

Meno niliyoyasaga yalikuwa yameiachia bolti nafasi ya kurudi nyuma. Niliitoa bolti, nikaigeuza dirishani, na ni hapo, kwa mara ya kwanza, nilipotazama kitu ambacho nilipaswa kukitazama kabla ya vyote. Nyuma ya mpini kulikuwa na namba zimegongwa kiwandani, ndogo ndogo. Na ubavuni mwa bunduki kulikuwa na namba. Hazikuwa sawa. Hazikukaribiana hata kidogo.

"Baba Mutheu, hii bolti si ya hii bunduki."

"Ni yangu. Tazama alama." Akanionyesha, karibu na namba, mikwaruzo mitatu na kulabu: alama ya ukoo wao, ile ambayo baba zao walichoma kwenye mizinga ya nyuki na kuchonga kwenye mishale, ili mnyama akianguka porini ijulikane ni mshale wa nani. "Niliikwaruza mwenyewe siku waliyonipa. Namba ni ya kiwanda. Alama ni ya mtu."

"Na Ndugu Mwanzia, alikwaruza yake?"

Aliniangalia kwa lile jicho moja zima. Niliona fikira ikimfikia polepole, kama maji yanavyofika mwisho wa mfereji. Kila mmoja alikuwa amekwenda kwake akaweka alama ili bolti yake isipotee. Kila mmoja aliweka alama ya ukoo, kwa sababu mtu wa kwetu angeweka alama gani nyingine? Na ukoo ulikuwa mmoja. Kisha Jumapili baada ya Jumapili wakazitia beseni moja, na kila mmoja akachukua ile yenye alama yake. Zilikuwa zimebadilishana tangu lini, hakuna ambaye angejua. Kukwaruza kote kule, ugumu ule wote, ilikuwa bolti ya mtu mwingine inakataa nyumba isiyo yake. Ilihitaji kurudishwa tu. Haikuhitaji mkono wangu. Na mimi nilikuwa nimeisaga meno siku mbili.

Nzioka alikaa kwenye gunia. Tulisikia mkewe jikoni akimnyamazisha mtoto. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama anapanga kupanda.

"Jumapili, kwenye beseni. Mkono wako ni mwepesi. Yake irudi kwake, yangu irudi kwangu. Kila mtu na chake. Kuna ubaya gani?"

"Lakini yake nimeisaga."

"Umeisaga kidogo."

"Sijui kama ni kidogo."

"Labda kwa bunduki yake itakaa sawa. Si ndiko ilikozaliwa?"

"Labda," nikasema. "Na labda haitakaa. Tumwambie."

"Tukimwambia atasema nini kituoni? Nitafungwa, Kalondu. Na wewe pia. Nina watoto watano."

Mwanzia naye alikuwa na watoto. Siku hiyo hakuna aliyewataja, si yeye, si mimi. Sitaki msomaji amhukumu Nzioka kwa maneno yale peke yake. Alikuwa na baruti machoni, na alikuwa ametoka kuona kifo chake asubuhi ile. Miaka yote niliyoishi nimependa kukumbuka kwamba nilikataa, kwamba nilibishana naye mpaka akaondoka na hasira. Daftari lina neno moja tu: "Nimekubali."

Jumapili ilifika. Mahubiri sikumbuki. Mwanzia alikula chapati tatu, akamtania Nzioka kuhusu jicho. "Mke amekupiga mwiko? Sema ukweli mbele ya Mungu." Nzioka akasema ni moshi wa kuni mbichi. Maji yakachemka. Bolti zikaingia beseni, na mimi, ambaye sijawahi kusaidia, nikachuchumaa nikasema, "Leo niwasuguie, ninyi mmechoka." Nilisoma namba ndani ya maji, kwa vidole na kwa macho. Nilimpa Nzioka yake. Nilimpa Mwanzia yake. Vilikuwa vitu vya haki, namba kwa namba, na sijawahi kufanya jambo bovu kuliko hilo. Mwanzia aliisukuma ndani. "Asi! Leo yangu imelainika kama kiganja cha mchungaji," akasema, na wote wakacheka, hata Nzioka, akicheka na jicho linatiririka.

Akaaga. Alikuwa anapitia shamba kufungulia maji mfereji. Nilikusanya sahani. Niliosha sahani mbili, nakumbuka mbili, na ya tatu niliiacha ndani ya maji, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikakimbia. Jua lilikuwa kichwani. Njia ya mtoni inapita kwenye matete marefu, na matete ndiyo nyumba ya nyati mchana, kila mtu alijua, hakuna aliyepita pale peke yake bila bunduki tangu mwanamke yule auawe. Nilisikia kitu kikipumua humo. Huenda ilikuwa pumzi yangu. Nilimwogopa nyati, nilimwogopa Nzioka, niliogopa pingu, na niliogopa kwamba nitafika na Mwanzia atakuwa ameshapiga. Nilimkuta ukingoni, anavua viatu aingie majini.

"Ndugu Mwanzia, usipige hiyo bunduki!"

Aligeuka na mkono ukaenda kwenye bolti. "Nyati yuko wapi?"

"Hayuko! Usiipige kabisa. Hata akija."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikilia na kujipangusa kwa kiganja. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali mawili.

"Nzioka anajua?"

Ningeweza kusema hapana. "Anajua."

"Na leo kwenye beseni, mkono ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

Aliitoa bolti, akaitazama meno yake mbele ya jua, akapitisha ukucha. Kisha akaifunga kwa leso akaitia mfukoni, akaning'iniza bunduki tupu begani. "Kesho asubuhi uniletee lile ganda lenye ufa," akasema. "Nitapita barabarani. Sitaingia bomani." Akavua kiatu cha pili, akaingia majini kufungulia mfereji wake.

Nilimpelekea. Nzioka ndiye aliyenipa ganda lenyewe. Nilipomweleza nilichofanya hakunigombeza, alilitoa tu kwenye mkebe wa chai akaniwekea mkononi. Mwanzia alikwenda kituoni kwa miguu. Alirudi siku ya pili jioni, tukila, akaingia bila hodi. Hakuwa na bunduki. Koti lake la kiaskari pia lilikuwa limebaki huko. Alitwambia kwa ufupi: amesema alipiga yeye, likapasuka ganda, amesema bolti aliisaga yeye mwenyewe kwa ujinga, wamemwambia serikali haiwezi kumpa mjinga chuma, aende nyumbani. "Ingekuwa wawili au watatu," akasema, "wangetafuta sababu. Mjinga mmoja hawana haja ya kumfunga."

Mama Mutheu akapakua. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa, na Nzioka alimzidi Mwanzia miaka mingi. Lakini Nzioka alisimama, akachukua jagi na karai, akainama mbele ya Mwanzia akammiminia maji mikononi. Alimimina muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Mwanzia alijipangusa kwa suruali, akaonja. "Mama Mutheu, leo hii muthokoi haina chumvi," akasema. Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kusema.

Tangu siku hiyo Nzioka alilinda mashamba yote mawili, na kwa kuwa bunduki moja haiwezi kuwa pande mbili, Mwanzia alikaa kwenye nyanya zake na debe tupu la mafuta, na mimi nilikwenda kumsaidia kulipiga. Hakuniomba. Hakunikataza. Asubuhi ya tatu au ya nne, mwanga ukiwa bado wa kijivu, nyati mmoja dume alitoka kwenye matete kati yetu na Nzioka, akasimama, pua juu. Nilianza kupiga debe kwa kijiti kwa nguvu zote. Nyati hakusogea. Upande wa shamba lake nilimwona Nzioka akiinua bunduki, na nikaona mkono wake ukisukuma bolti, ile ya kwake, ambayo ilikuwa haijapigwa risasi hata moja tangu irudi kwake. Nilifumba macho. Mlio ulikuja mkavu, mfupi, hauna pumzi.

Nilipofumbua, Mwanzia hakuwa kando yangu. Alikuwa anakimbia, anakata katikati ya nyanya zake mwenyewe, akizikanyaga, miti ya kuegemeza ikivunjika, anaita, "Nzioka! Nzioka we!" Alimfikia akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, kuelekea mahali mwanga unakotoka, na Nzioka alimwacha augeuze, bunduki imening'inia. Walisimama hivyo. Nyati alikuwa amekwishavuka mto zamani, na mimi nilikuwa bado napiga debe.